Mate wangu, mate yangu

Desemba iliyopita nilikuwa likizo Dar, nimekaa barazani kwa mama kule Mbagala, simu iko juu ya stuli inachaji, mdogo wangu wa mwisho akaichungulia (huyu na simu za watu hana adabu kabisa, anazisoma kama gazeti la kwa kinyozi) afu akauliza kwa sauti na mama yupo pale pale anachambua mchicha, "Kaka, huyu mzungu anakuandikia mate mate ya nini?" Meseji yenyewe ilikuwa ya jamaa wa kazini, nilimbebea shifti yake ya Jumapili kabla sijasafiri, kaandika "Cheers mate, I owe you one mate", basi. Mama yeye kasikia mate tu. Na mzungu. Akaacha mchicha akaniangalia.

Nikaanza kujieleza pale, mama hilo ni neno la Kiingereza, linatamkwa meiti, ni kama sisi tunavyoitana kaka au mshkaji, na bora nililitamka kistaarabu maana ningemwigizia wanavyolisema watu wa London mashariki au Waaustralia ingekuwa balaa jingine, wale hawasemi meiti, wanaachama mdomo mpaka inatoka "mait", we ongezea tu i yetu ya mwishoni uone umepata nini. Yaani neno likiandikwa ni mate, likitamkwa ni maiti, afu unaambiwa ndo salamu hiyo.

Ngeli ndo inatuokoa. Mate yangu ni ya mdomoni, mate wangu ni jamaa. Mate yamekauka, mate kakausha hajibu meseji. Lakini kwa usalama wa wote kuanzia hapa mi nitaandika meti, tusije tukatemeana.

Sasa mi niko Bristol mwaka wa nne huu, napiga kazi kwenye ghala moja kule Avonmouth upande wa bandarini, shifti za usiku, mizigo inashuka mizigo inapanda. Na kitu cha kwanza nilichokiona, kabla hata ya baridi, ni kwamba kila mtu ni meti. Mlinzi wa getini meti, supavaiza meti, mama wa kantini naye meti, kuna kitoto cha miaka 19 kimeanza kazi wiki moja na mimi kinaniita meti mtu mwenye watoto wawili, na kuna dereva wa lori Mpolandi ambaye Kiingereza chake chote enzi hizo kilikuwa namba za milango ya kupakilia pamoja na hilo meti. Nikawa nampigia mke wangu namwambia aisee hawa watu tunaowaita baridi tunawasingizia, mi wiki moja tu nina washkaji kumi na moja.

Ikaja Idd.

Nikasema hapana, mtu una washkaji kumi na moja huwezi kula pilau peke yako kama mfiwa. Nikaalika saba, wale walionikaa sana moyoni. Wote wakakubali, tena kwa furaha, "Sounds great, mate", "Yeah mate, I'll see what I can do". Nikanunua mchele kilo tatu, nyama, bizari nikaifuata mpaka mtaa wa Stapleton kule Easton kwa Wasomali. Wakaja wangapi? Mmoja. Mghana. Hao wengine nilikuja kujifunza baadaye kwamba "sounds great mate" ni ndugu yake na ile "njoo kesho" ya fundi cherehani wako, hajakudanganya, na wala hajakuahidi, ni mlango amekufungulia muagane vizuri.

Yule Mghana ndo alinichekesha usiku ule, tukiwa tumekaa na sufuria ya watu kumi. Kasema kwao Accra meti ni konda. Kweli kabisa, zile daladala zao wanaziita trotro, na yule kijana wa mlangoni anayepokea nauli na kuita abiria jina lake la kazi ni meti, ukitaka kushuka unampigia kelele yeye. Kwa hiyo jamaa kashuka ndege Uingereza, afisa wa kwanza kukagua pasi yake akamwambia "There you go, mate", akabaki kajiuliza huyu kanionaje huyu, mi nina digrii. Nikamwambia ungekuwa Mbongo ningekuelewa vizuri, mtu kukuita konda bila sababu, hiyo ni vita.

Kilichobaki kwenye sufuria nikakibeba Jumatatu kazini ndani ya hotpoti, maana kutupa ni dhambi na friji yangu ni ndogo. Saa nane usiku ya mapumziko nikaifungua kantini. Ile harufu ya bizari ilitembea mpaka kwa watu wa foklifti huko nyuma. Wakaja wote, na wale sita wasiotokea wakiwemo, bila aibu hata chembe, kila mtu na kijiko chake cha plastiki, wanachota humo humo kwenye hotpoti. Na baada ya siku ile ndo kuna watu pale kazini wakawa meti kweli, wa kukupigia simu ukiumwa.

Sikuwa najua wakati ule, lakini nilipokuja kulifuatilia hili neno nikakuta ndo lilikoanzia hasa. Waingereza walilichukua karne ya 14 huko kutoka kwa majirani zao wa ile lugha ya Wajerumani wa kaskazini, watu wa bandari na biashara, na mzizi wake ni mmoja na wa "meat", sema zamani "meat" haikuwa nyama peke yake, ilikuwa chakula chochote. Kwa hiyo meti ni mwenzako wa kula, mtu mnayekula naye sinia moja. Hata "companion" nalo ukilichimba unakuta mkate ndani yake, watu wanaoshirikiana mkate, Kilatini hicho. (Meti ya kwenye chesi ni nyingine kabisa, hiyo imetoka Uajemi, shah mat, mfalme kaishiwa.) Mabaharia wakalibeba melini, wakaishi nalo miezi huko baharini wakila kwenye meza moja, mpaka likawa na cheo, msaidizi wa nahodha mpaka leo anaitwa "first mate".

Ila meti la mtaani halikuambii kama mnakula pamoja. Hapo ndo wageni wengi tunapotea, tunaambiwa shuleni maana yake ni rafiki, basi tunaenda nalo hivyo. Mi naona kazi yake kubwa ni kuziba pengo la jina. Hujui mtu anaitwaje, hujui umri wake, cheo chake, na hutaki kuuliza, unamwita meti mnaendelea na maisha. Na sisi tunayo maneno ya kuziba hilo pengo, tena tunayo mengi mpaka yanamwagika, kaka, dada, mzee, bosi, mkuu, mwanangu, mama nanihii, anko, sema kila moja la kwetu linakupangia ngazi ya kusimama. Ukimwita mtu anko umeshasema yeye ni mkubwa. Ukimwita dogo umeshamshusha. Hata salamu yenyewe, huwezi kufungua mdomo Bongo mpaka umekadiria miaka ya mtu, shikamoo au mambo, ukikosea hapo mtu anaondoka na uso wake. Meti linapita na kuziondoa ngazi zote, mtu na supavaiza wake, abiria na dereva, mgonjwa na yule anayemsukuma kwenye kiti cha magurudumu.

Mwalimu Nyerere na chama walijaribu kitu kama hicho kwa neno ndugu, Ndugu Rais, Ndugu Katibu, Ndugu Wananchi, na lilikaa kiasi chake, lakini lile lilitoka juu kuja chini. Hili la Waingereza lilipanda lenyewe kutoka kwenye meli na migodi na viwanda, ndo maana mpaka leo mtu wa tabaka la juu akilisema unamsikia kabisa kama amevaa viatu vya kuazima. Wanasiasa wao kipindi cha uchaguzi wanavivaa sana hivyo viatu.

Na sasa nifike kwenye lile la gari, maana nilijiapiza nitaliandika.

Mwaka juzi, mvua, jioni, nimetoka duka kubwa na mifuko mkono mmoja, nikafika kwenye gari langu, Corsa ya kijivu, nabonyeza rimoti haifungui. Nikaona betri ya funguo imekufa. Nikachomeka funguo mlangoni nikawa nazungusha, haiingii vizuri, nazungusha, nikaegemea na goti kidogo mlango ushtuke. Nyuma yangu nikasikia mtu, "You alright there, mate?" Mi kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuzoea nchi nikamjibu bila hata kugeuka, "Yeah, not bad mate, you?" Nikaendelea na goti langu. Kimya kidogo. Afu nikasikia, "Mate." Moja tu, fupi, imekatwa kama mtu kagonga meza. Ndo nikageuka. Jamaa kasimama na toroli na mke wake na mtoto, ananiangalia mkono wangu. "That's my car, mate."

Corsa yangu ilikuwa mstari wa nyuma yake.

Hizo meti tatu nimeziwaza sana tangu siku ile. Ya kwanza ilikuwa na maana "we nani na unafanya nini", ya pili ilikuwa "acha mara moja", ya tatu ilikuwa karibu na huruma, ameshaona huyu si mwizi ni mpumbavu tu wa mvua. Neno lile lile, na kwenye kamusi yote yangeandikwa rafiki. Na angekuwa amekasirika kweli kweli lingekuja mbele ya sentensi, "Mate, listen", hapo rudi nyuma hatua mbili. Likivutwa likawa refu, "maaaate", ni furaha, mtu hajakuona siku nyingi au umemwambia mke kajifungua. Likivutwa huku linashuka ni pole. Likipanda mwishoni kama swali ni "una uhakika na hilo unalosema?" Meya wa London, Sadiq Khan, mwaka 2023 alikuja na kampeni nzima iliyosimama juu ya huo mvuto tu, kwamba mshkaji wako akianza kuongea ujinga kuhusu wanawake we usimpigie hotuba, mwambie "maaate" ya kumzuia. Wengi walicheka, wakasema ndo hela za kodi hizo, mi nilielewa alichokuwa anakitafuta kwa sababu sisi tunalo neno "haya". Haya ya kukubali, haya ya kuanza safari, haya ya mama ukiwa umechelewa kurudi saa nne usiku, kasimama mlangoni, "Hayaaa." Hiyo huhitaji kamusi.

Na tusijifanye sisi tuko salama, "ndugu yangu" ya kwenye ugomvi wa paking Kariakoo ina undugu gani? "Sikiliza ndugu yangu" ukishaisikia ujue udugu umeisha hapo.

Kuna hii nyingine ambayo ni utani wa nchi nzima, gari likizama mtoni, basi likipanda kwenye bustani ya mtu, meli ikikwama, lazima Mwingereza mmoja atasema "You can't park there, mate." Huwezi kupaki hapo meti. Mwenye gari yuko juu ya mti. Siku yule Mpolandi alipokwamisha lori lake kwenye ukingo wa geti la pili tukasimama watu sita kwenye mvua tunasubiri nani ataanza kulisema, akatoka mwenyewe kwenye kabini akalisema yeye, kwa lafudhi yake, tukapiga makofi. Tangu siku hiyo mi namhesabu Mwingereza.

Halafu si Uingereza yote ni meti. Glasgow utaitwa "pal", na hilo limetoka kwenye lugha ya Waromani, wale wanaoitwa Jipsi, kwao lilimaanisha kaka wa tumbo moja. Nottingham wanakuita bata, kabisa, "me duck", mwanaume mzima. Huku kwetu Bristol ukishuka kwenye basi unamshukuru dereva "Cheers, drive", nililipenda hilo tangu siku ya kwanza maana daladala zetu mtu akishuka salama anajishukuru mwenyewe. Na wamama wa umri fulani Bristol wana la kwao, "my lover", yaani mpenzi wangu. Wanakuita hivyo huku wanakurudishia chenji, halina kitu chochote ndani, ni kama mama ntilie anavyokuita baba. Sasa mi niko kwenye foleni ya kulipa, nina simu sikioni naongea na mke wangu Dar, bibi wa kaunta, miaka 70 kasoro, akasema kwa sauti yake ile ya kanisani, "That's four pound twenty, my lover." Simu ikanyamaza. Afu nikasikia, polepole, "Baba Rahma. Nani huyo?" Nilimwomba yule bibi aongee naye mwenyewe kwenye simu. Waliongea dakika nzima, na mpaka leo mke wangu ananiulizia hali ya bibi.

Australia ndo wamelifanya neno la taifa. Lilifika na zile meli za wafungwa za kuanzia 1788, likakulia kwenye machimbo ya dhahabu na vitani, mpaka wakalitengenezea na nomino yake, "mateship", umeti tuseme. Waziri mkuu wao John Howard mwaka 1999 alitaka kabisa hilo neno liingie kwenye utangulizi wa katiba, watu wakalipinga, wengine wakasema mbona ni neno la wanaume na bia zao, likaondolewa, na kura ya maoni yenyewe ya Novemba ikashindwa vile vile. Kilichonifurahisha zaidi ni cha Agosti 2005, walinzi wa jengo la bunge Canberra walipewa agizo wasiwaite watu meti, kwamba si heshima. Hilo agizo halikumaliza hata siku mbili. Wanasiasa wa pande zote walilipigia kelele mpaka likafutwa. Nawaza bunge letu Dodoma mlinzi amwambie mheshimiwa "pita mshkaji wangu", agizo lingetoka kabla mheshimiwa hajafika kwenye kiti.

Mi mwenyewe nimelizoea sasa, nalisema bila kufikiri, isipokuwa kwa mtu mmoja. Kuna mzee pale kazini wa foklifti, miaka 64, kaanza kazi bandarini akiwa kijana kabisa, yeye ndo alinifundisha kufunga mizigo isianguke. Huyo ulimi ulikataa. Nikifungua mdomo kusema meti namuona baba yangu mdogo. Nikajaribu "sir", akacheka mpaka akakohoa, akasema sir ni mtu asiyefanya kazi. Jina lake la kwanza nalo nikaona bado ni mapema, mwaka wa kwanza ule. Siku moja likanitoka tu lenyewe, "Mzee, una nafasi hapo?" Akauliza ndo nini. Nikamwambia ni mtu mkubwa, mwenye heshima. "Old man, then," akasema, nikamwambia ndio lakini kwa wema. Akalinung'unikia wiki nzima.

Likashika. Mghana akaanza, Mpolandi akafuata, supavaiza akafuata, mwaka huu nikakuta hata kwenye ratiba ya shifti ubaoni wameandika MZEE. Mwezi uliopita kikaja kijana kipya kilicholetwa na wakala wa ajira, siku yake ya kwanza, kinapita pale na pallet yake, kikampungia mkono, "Alright, mate?"

Mzee akashusha kioo cha foklifti. "It's Mzee to you, mate."